Binti wa marehemu kaka yangu hasomi, wangu wanasoma: je, namdhulumu?

SWALI: Asalaam aleikum, mama. Naishi Bombo, hapa Uganda. Mume wangu ni askari, kazi inamweka mbali miezi na miezi. Mimi nina meza ya vitenge sokoni, na asubuhi nauza mandazi. Tuna watoto watatu. Wa miaka 11 yuko P6 (darasa la sita la msingi) na wa miaka 8 yuko P3, wote shule ya binafsi, kila mmoja shilingi 280,000 kwa muhula. Wa mwisho ana mwaka na nusu. Mwishoni mwa 2024 kaka yangu alifariki huko Koboko. Mkewe alirudi kwao na wadogo wawili, nami nikamchukua binti mkubwa, ambaye sasa ana miaka 13. Alikuwa amemaliza P5. Nilisema apumzike muhula mmoja kisha tutafute shule, lakini muhula umezaa muhula. Anatusaidia sana, hasa na huyu mdogo. Anakula tunachokula, nguo anazo, sijawahi kumpiga. Juzi tulikwaruzana na jirani, ambaye yeye humlipa hausigeli wake 120,000 kwa mwezi, akapiga kelele mbele ya watu kwamba nafuga mtumwa na nitafungwa. Mume wangu kwenye simu anasema yule mtoto tumemwokoa, shule itangoja. Tangu siku ile silali vizuri. Je, namdhulumu? Na kama namdhulumu, pesa ya kumsomesha nitaitoa wapi?
Shangazi, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa kaka.

Ndiyo, unamdhulumu. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua nzima ukilitafuta. Sidhani una roho mbaya. Mwenye roho mbaya hakosi usingizi. Mambo ya dhambi nakuachia wewe na sheikh wako. Mimi nilikuwa afisa wa ustawi wa jamii wilayani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilichojifunza ni hesabu za ndani ya nyumba. Basi tuanze na hesabu, tena kwa tarakimu zako mwenyewe.

Jirani yako analipa 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Wewe hulipi kitu. Karo ya watoto wako wawili ni 560,000 kwa muhula, na kwa mihula mitatu ni 1,680,000. Sasa ziweke pamoja. Kazi ya binti wa kaka yako, ukiipa bei ya mtaani kwenu, inakaribia kulipa karo ya binamu zake wote wawili. Inapungua 240,000 tu. Utaniambia anakula na kulala kwako. Hausigeli wa jirani naye anakula na kulala mle mle, na ile 120,000 anapewa juu ya chakula. Umeniuliza pesa utaitoa wapi kana kwamba binti ni mzigo mpya juu ya mizigo ya zamani. Katika daftari lako yeye yuko upande wa mapato.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya ukoo, na sehemu hii ndiyo huwakasirisha watu kuliko nyingine zote. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba mtoto wa ndugu hapigiwi hesabu. Nikamjibu kwamba karo ya mtoto wake mwenyewe ameipigia hesabu hadi senti. Hakunipenda siku ile.

Sasa usidhani nakunyooshea kidole peke yako. Mwaka 1997, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, mpango ulianza na watoto wanne kwa kila familia. Sisi wa wilayani tulizunguka vijijini tukihubiri: leteni watoto, leteni na wasichana. Nyumbani kwangu alikuwapo msichana wa miaka 14 kutoka upande wa mama yangu, akimbeba kifungua mimba wangu mgongoni ili mimi nipate kwenda kuhubiri. Siku moja mkutano ulikuwa karibu na kwangu. Nilipomaliza, bibi mmoja akasimama, akashukuru kwa adabu, halafu akauliza: "Na yule anayebeba mtoto wako, afisa, ni wa ngapi katika wale wanne?" Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yule msichana nilimpeleka cherehani mwaka uliofuata, shule ilikuwa imeshampita, na mpaka leo akinitembelea nakagua mishono ya nguo yake kuona kama anapata kazi nzuri.

Kwa hiyo naijua njia uliyopitia. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kumnyima mtoto shule. Anaamua tu kwamba muhula huu, mtoto mdogo anaota meno.

Lakini tazama mambo haya kwa mbali kidogo, uone yanavyokwenda. Nyumba isiyo na kitu inatoa binti kwa nyumba yenye kidogo. Nyumba yenye kidogo inatoa mama akafanye kazi kwa wenye zaidi. Tangu serikali yetu iliposaini mkataba na Saudi Arabia mwaka 2015 kuhusu wafanyakazi wa ndani (ikausimamisha 2016 kwa malalamiko ya mateso, ikaufungua tena 2017), nimeona familia ambazo mama yuko Riyadh anamwogesha mtoto wa tajiri, watoto wake wako Mukono kwa bibi, na bibi, kwa kuwa magoti hayamruhusu, ameletewa mtoto wa miaka 12 kutoka kijijini amchotee maji. Je, wadogo zake yule wa miaka 12, kule alikotoka, anawabeba nani? Nenda kawaone. Wanabebwa na wa miaka saba. Ulezi unapanda ngazi kama maji ya pampu, na kule chini kwenye chanzo kunabaki mtungi mtupu. Binti yako aliacha wadogo wawili Koboko. Mikono iliyokuwa yao sasa inamlea wa kwako.

Rudi nyumbani sasa. Nunua daftari dogo, lile la kurasa 32. Kwa wiki moja andika anachofanya binti, saa kwa saa, na ukurasa wa pili andika anachofanya kijana wako wa miaka 11. Usimwambie mtu. Zoezi hili nilikuwa nikiwapa walezi, na nakumbuka daftari moja la mama mmoja mwalimu, mwandiko mzuri wa ubaoni. Ukurasa wa Jumanne ulisomeka hivi: saa 11 alfajiri, kuwasha sigiri, chai. Saa 11 na nusu, kuogesha wadogo. Saa 12, kupeleka mikoba kwenye van ya shule. Saa 1, vyombo. Saa 2, kufua. Saa 4, maji, jerikani nne. Saa 6, kupika. Saa 8, "anapumzika". Halafu hilo neno lilikuwa limekatwa kwa mstari, na pembeni yule mama alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: amembeba mtoto. Siku iliendelea hadi saa 4 usiku. Sikumwambia lolote. Alinikabidhi daftari akaniomba maji ya kunywa.

Kuna kipimo kinachotumika kimataifa: mtoto wa miaka 5 hadi 14 anayefanya kazi za nyumbani saa 21 au zaidi kwa wiki huhesabiwa kuwa katika ajira ya watoto, hata kama yuko kwa ndugu. Ni saa tatu kwa siku. Kuosha vyombo, kufagia uani, kumshika mdogo wakati shangazi anasonga posho (ugali), yote hayo ni malezi, na mimi sikubaliani na watu wa mjini wanaodhani mtoto akishika ufagio ameonewa. Wa kwako wa miaka 11 naye aushike. Shaka yangu ni kwamba ukijumlisha daftari lako, binti atavuka saa 21 kabla ya Jumatano.

Sheria jirani yako ameitaja vibaya, lakini hakuitunga. Katiba ya 1995, ibara ya 34, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na inasema elimu hiyo ni jukumu la serikali na wazazi. Kwamba wewe si mzazi hakukuondoi: Sheria ya Watoto inamtwika wajibu wa kumtunza mtoto, elimu na chanjo na chakula na mavazi na malazi na matibabu, yeyote mwenye mtoto huyo mikononi mwake. Na ibara ile ile ya 34 ya Katiba inakataza kumwajiri mtoto "au" kumtaka afanye kazi inayoweza kuingilia elimu yake. Lile "au" ndilo lako. Mume wako akisema hatukumuajiri, ni kweli, na haisaidii. Sheria ya Ajira ya 2006 nayo, kwa walioajiriwa, inaruhusu chini ya miaka 14 kazi nyepesi tu, chini ya mtu mzima, isiyogusa masomo, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 1 jioni na saa 1 asubuhi. Ukilinganisha na siku ya binti wako, hata mwajiri asingeruhusiwa.

Kufungwa? Katika miaka yangu yote, mambo kama yako yalianzia kwenye benchi la LC1, baraza la kijiji, na mengi yakaishia hapo. Makamu mwenyekiti wa LC1 yenu ndiye mwenye dhamana ya watoto kijijini, wengi hata wenyewe hawajui. Akishindwa hupeleka kwa afisa wa probesheni na ustawi wa wilaya, na huko kwanza utasikilizwa na kuelekezwa. Mtu yeyote, hata binti mwenyewe, anaweza kupiga 116 bila malipo. Laini hiyo inaitwa Sauti, jina la Kiswahili kabisa, katika nchi inayopenda kusema haijui Kiswahili. Mpe binti namba hiyo wewe mwenyewe. Mlezi anayempa mtoto namba ya kumshtakia hana cha kuogopa.

Sasa shule. Amemaliza P5 akiwa na miaka 12, na huenda unaona alikuwa mzito. Hesabu nyuma. Machi 2020 shule zilifungwa nchini, zikaja kufunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, kufungwa kurefu kuliko kote duniani. Yeye alikuwa P2. Watoto wa wenye uwezo walipata mwalimu wa kuja nyumbani, televisheni, simu ya baba. Yeye alikuwa Koboko, na zilipofunguliwa wote walisogezwa darasa, walioshika kalamu na wasioshika. Kwa hiyo ukimkuta anasoma kwa kuvutavuta, usimpime kwa kijana wako. Mashimo yako pale pale P2 na P3, na yanazibika kwa vitabu vya yule wa miaka 8, ambavyo viko mezani kwako tayari.

Mpeleke shule ya serikali iliyo karibu, P6. Beba ripoti ya P5 kutoka Koboko; kama imepotea, mwalimu mkuu wa kule anaweza kuandika barua, na shemeji yako amfuate. Wakitaka kumrudisha P5 wasikilize sababu zao, ila wakitaja P4, kataa. Karo hakuna, lakini wewe na mimi tunajua bure ya UPE ilivyo: chakula cha mchana, sare, madaftari, mitihani ya katikati ya muhula, ufagio, karatasi za chooni, rimu. Tukiacha mishahara ya walimu, ruzuku ya serikali ni kama 20,000 kwa mtoto kwa mwaka. Wewe unalipa 840,000 kwa mwaka kwa kila mmoja wa wako, mara 42. Hilo ndilo pengo linalotenganisha watoto wa nyumba moja, na hukulichimba wewe. Akifika P7, ada ya UNEB, baraza la mitihani, kwa watahiniwa wa UPE hulipwa na serikali.

Wapo wenzangu watakaokuambia wote watatu lazima wasome shule moja, la sivyo ni ubaguzi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu najua utakachofanya ukishindwa: utamwacha yeye tena nyumbani. Shule ziwe mbili. Ila kitanda, neti, dawa akiugua, sabuni, muda wa kusoma na muda wa kucheza viwe sawa bila tofauti ya hata nukta. Na una bahati ambayo hujaiona. Utakuwa na watoto wawili P6. Mtaala ni ule ule, mitihani ya PLE, ya kumaliza shule ya msingi, ni ile ile minne, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST (maarifa ya jamii). Vitabu vya kijana wako vinatosha wawili. Kuanzia saa 1 jioni wakae meza moja, taa moja, na vyombo vioshwe na wote wawili kwa zamu, baada ya kusoma. Kijana atalalamika. Mwache alalamike, sabuni haijawahi kuua mtu.

Gharama zake, tuseme zifike 100,000 kwa muhula, ni 300,000 kwa mwaka. Zungumza na mume wako akiwa likizo, si kwenye simu, na umpe daftari alisome mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Yeye ndiye aliyesema shule itangoja, basi ahesabu imengoja mihula mingapi. Akisema hana, kuna jambo jingine, nalo halitakupendeza: wa miaka 8 anaweza kuhamia shule ya bei ya chini mwaka ujao. Nyumba ikipungukiwa, kila mtoto apungukiwe kidogo. Kwa sasa upungufu wenu wote umelala juu ya mgongo mmoja, na mgongo huo ndio ambao baba yake hayupo kuutetea.

Kuhusu huyo baba, niulize swali ambalo hukuniuliza. Aliacha nini Koboko? Shamba, nyumba, ng'ombe wawili? Mtu akifa bila wosia, sheria yetu ya mirathi inawapa watoto wake asilimia 75 ya mali, na hata mkigawa kwa njia ya Kiislamu, binti ana fungu lake na halimezwi na wajomba wala baba wadogo. Nimeona mayatima wengi wakipokelewa kwa huruma mjini huku shamba lao kijijini linalimwa na mwingine. Piga simu kwa mama yake. Yuko hai, na bado ni mzazi. Mambo ya shule na mali ayajue, na mkikubaliana muandike mbele ya LC1 wa huko. Mruhusu binti azungumze na wadogo zake kwa simu kila wiki. Ni dakika kumi.

Imebaki mtoto wa mwaka na nusu, na najua hapo ndipo mguu wako umekwama tangu mwanzo. Vituo vya kulelea wadogo kama huyo karibu vyote ni vya watu binafsi, na bei zake si za muuza mandazi. Jaribu hivi. Subiri siku mbili tatu hasira ipoe, ubebe mandazi ya moto, uende kwa yule jirani. Muombe radhi kwa makelele, hata kama alianza yeye. Kisha muulize kama hausigeli wake anaweza kumshika mtoto wako pamoja na wake tangu asubuhi mpaka unaporudi sokoni, kwa 50,000 kwa mwezi miezi ya masomo, na pesa hiyo ipite moja kwa moja mkononi mwa yule mfanyakazi, isipitie kwa mwajiri. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijaguswa tangu hapo, kwa hiyo usitarajie sheria ikupangie bei; mkubaliane kwa haki. Muulize na mfanyakazi mwenyewe kama anataka, maana watoto wawili ni kazi mbili.

Na ukiwa pale, kabla ya kukubaliana, muulize ana miaka mingapi. Jirani yako alikuwa anapiga kelele sana siku ile.

Niandikie muhula ukishafika wiki ya tatu. Uniambie binti analala saa ngapi na anaamka saa ngapi.